Shangazi, tupumzike wapi kabla ya Roma?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 61, naishi Tanga. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulimzika mama yetu. Nilimuuguza nyumbani miaka minne, mimi na binti wa kazi, na mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akituma fedha za dawa na za matumizi kila mwezi bila kukosa. Baada ya arobaini akanipigia simu: "Dada, tumekaa sana na ugonjwa. Sasa twende mahali." Mahali penyewe ni Italia.

Tumejiandikisha kwenye ziara ya kundi ya siku 9, mwishoni mwa Septemba. Inaanzia Roma, inapita Assisi na Florence, inaishia Venice. Kundi linakutana hotelini Roma Jumamosi saa 11 jioni, na Jumapili asubuhi mizunguko inaanza. Tiketi za ndege tunanunua wenyewe, na viza bado hatujaomba.

Tatizo ni siku za kabla ya hapo. Tumekubaliana tuondoke mapema tupumzike mahali siku mbili tatu, maana goti langu la kulia linasumbua, nina presha, na sijawahi kupanda ndege ya usiku. Ila hatukubaliani wapi. Mdogo wangu anataka Dubai. Wakala wa safari anamuunga mkono, anasema tukisimama Dubai hoteli tutapata kwa bei nzuri. Mtoto wa mdogo wangu anasema Istanbul, kwamba kuna shirika la ndege linalowalaza abiria wake bure. Paroko wetu aliyesoma Roma anasema tusihangaike, twende Castel Gandolfo, kuna ziwa na ndiko anakopumzika Papa. Mimi nilifikiria tukae ufukweni karibu na Roma, mdogo wangu akacheka mpaka simu ikakatika.

Juu ya hayo, sehemu kubwa ya gharama analipa yeye, kwa hiyo nakosa nguvu ya kubisha. Akisema "dada, wewe hujazoea kusafiri" nanyamaza, kwa sababu ni kweli, mwisho wangu ni Nairobi. Lakini nikifikiria Dubai moyo unachoka kabla ya miguu. Sitaki tugombane, hasa mwaka huu. Viatu vya safari nimeshanunua, bado viko kwenye boksi. Nishauri.

Muuguzi mstaafu, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kwenda Italia nilijiunga na kundi nikitokea uwanja wa ndege moja kwa moja. Nilishuka asubuhi baada ya usiku mzima wa kukaa wima, miguu imevimba, kiatu cha kushoto kimegoma kufunga. Mchana tukaingizwa Vatikani. Tulipofika Kikanisa cha Sistina nikaona benchi ukutani, nikakaa, nikasinzia. Dari ambayo watu wanavuka dunia kuja kuitazama, mimi niliikoromea. Aliyeniamsha ni mlinzi, na wenzangu walikuwa wameshatoka. Kwa hiyo katika hilo la kupumzika kwanza mna haki kabisa, wala asikwambie mtu kwamba ni anasa.

Sasa wapi. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu kusimama njiani kabla ya ziara ya Ulaya uliandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Mtu akitoka New York, saa za Italia ziko mbele yake kwa 6. Usiku wake umekuwa mchana, tumbo linadai chakula saa 9 za usiku, na ndiyo maana wanaambiwa wavunje safari mahali fulani ili mwili uzoee. Sisi hatuna ugonjwa huo. Mwezi Septemba Italia iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Mkifika, saa 2 usiku ya Roma ni saa 3 usiku ya Tanga, na mtalala kama kawaida. (Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakirudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa 2. Hata hizo si kitu.)

Kitakachokuchosha wewe ni kingine: usiku bila kulala, kukaa muda mrefu na goti limekunjwa, kukimbizana na mageti wakati wa kubadilisha ndege, foleni ya uhamiaji, kusubiri sanduku, na ile hofu ya mtu anayesafiri mbali kwa mara ya kwanza, hofu inayokaa mabegani hata usipoitaja. Uchovu huo wote unaisha sehemu moja tu, pale unapokuwa umevuka uhamiaji wa mwisho na sanduku lako liko mkononi. Kwa hiyo mapumziko yenu yawe upande wa pili wa mlango huo. Lalaneni Italia, siyo njiani kwenda Italia.

Chukua Dubai uipime kwa mizani hiyo. Mmepumzika siku mbili, sawa. Siku ya tatu mnafunga tena masanduku, mnaamka alfajiri, mnapanda ndege ya zaidi ya saa 6, mnafika Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, mnasimama foleni ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole (utaratibu mpya wa mipaka ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, ulioanza Oktoba 2025), halafu saa 11 jioni mko ukumbini na watu arobaini msiowajua mnatabasamu. Mapumziko yote mmeyatumia siku hiyohiyo. Na ndege hiyo ya asubuhi ikichelewa, kinacholiwa ni mwanzo wa ziara mliyoilipia.

Kuna jambo la sanduku pia. Masanduku hupotea hasa pale yanapohamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Likipotea nanyi mna siku tatu mbele yenu mahali pamoja, lina nafasi ya kuwafikia. Likipotea siku ambayo ziara inaanza, litakuwa linawafukuza: lifike Roma nanyi mko Assisi, lifike Assisi nanyi mko Florence. Nilikaa miaka 12 mapokezi ya hoteli Kiwengwa, kule Unguja kwa Waitaliano, na nimewaona wageni waliomaliza likizo nzima na kanga mbili nilizowaazima mimi.

Joto nalo. Ghuba mwezi Septemba bado mchana linapanda karibu na nyuzi 40. Watu wa huko wenyewe wanatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi kuingia gari lenye kiyoyozi kuingia duka lenye kiyoyozi. Mwenye presha anakwenda kupumzika nini hapo? Tena mdogo wako simlaumu, najua anachokitaka Dubai, nami nakipenda. Lakini manunuzi ya wakati wa kwenda ni adhabu. Ziara za basi kwa kawaida hukuruhusu sanduku moja kwa kila mtu, na asubuhi nyingi utatakiwa uwe umeliweka nje ya mlango wa chumba kabla ya kunywa chai. Venice ndiyo usiseme. Hakuna gari, kuna madaraja yenye ngazi, na kila seti ya sufuria iliyonunuliwa Dubai utaikumbuka kwa jina.

Istanbul ni mji mkubwa mno kuwa kitanda. Umejaa vilima, uwanja wa ndege uko mbali na mji wa kale, na ukishafika huwezi kukaa hotelini huku Hagia Sophia iko pale nje. Utatoka, utapanda, utashuka, na goti litakusomea hesabu usiku. Hicho chumba cha bure anachokisema kijana kipo kweli kwa wanaotimiza masharti, ila kimetengenezwa kukuvuta uzunguke mji. Mwambie ni wazo zuri la safari nyingine.

Paroko wako ameelekeza vizuri zaidi ya wote, maana yeye angalau amewapeleka Italia kwenyewe. Castel Gandolfo ni kuzuri. Ni mji mdogo juu ya Ziwa Albano, ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano iliyokufa. Treni kutoka Roma haizidi saa moja. Papa Fransisko hakupenda kupumzika huko, akafungua bustani mwaka 2014 na jumba lenyewe mwaka 2016 watu waingie kama makumbusho, kisha Papa Leo XIV akarudisha desturi ya kwenda kupumzika mwaka 2025. Kasoro yake inakuhusu wewe na si paroko: mji uko juu, ziwa liko chini kabisa, na kituo cha treni kiko katikati ya mteremko. Ukiwa juu utataka ziwa, ukiwa ziwani utakumbuka kitanda kiko juu. Alipokuwa mseminari hilo halikumsumbua.

Na ufukweni, mdogo wako alikuwa na haki ya kucheka, ingawa si mpaka simu ikatike. Pwani ya karibu na Roma ni Ostia, mchanga wake ni wa kijivu, na sehemu kubwa ya ufuko imegawanywa kwa wenye biashara, unalipia kiti na mwavuli. Mtu anayekaa Tanga, mwenye Raskazone bure, alipie hicho?

Hebu jiulize watu wa Tanga wakichoka huenda wapi. Hawaendi baharini, bahari wanaiona kila siku. Wanapanda Lushoto. Wanafika Mombo wamelowa jasho, gari linaanza kuzunguka mlima, na baada ya kona kadhaa mtu anaomba sweta. Mimi nakutafutia Lushoto ya Italia, na jina lake ni Orvieto.

Orvieto iko mkoa wa Umbria, katikati ya Roma na Florence. Ni mji wa kale uliojengwa juu ya mwamba mmoja mkubwa, mwamba wa majivu ya volkano, kingo zake zimekatika wima pande zote kama keki. Ukiwa bondeni unaona ukuta wa mawe, na juu yake paa na minara. Usiogope huo urefu. Mbele ya kituo cha treni kuna kigari kinachovutwa kwa kebo kupanda mlima kwenye reli zake, dakika chache tu, na juu unakuta basi dogo linalokufikisha mpaka mbele ya kanisa kuu. Ukishakuwa juu mji ni mdogo na sehemu zake nyingi zinatembeleka polepole bila mpando mkali. Magari ni machache. Jioni wageni wa siku moja wanarudi Roma na mji unabaki wa wenyeji, na hapo ndipo utakaposikia kitu ambacho nadhani hujakisikia kwa miaka minne: usiku ambao hakuna anayekuita.

Kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1290. Kuta zake zina mistari ya mawe meusi na meupe, na uso wa mbele umejaa michoro ya vijiwe vya dhahabu. Nenda jua likiwa linaelekea kuzama, upande huo unatazama magharibi, kaa kwenye benchi la mawe mkabala nao, basi. Humo ndani kinatunzwa kitambaa cha altare ambacho, kama Wakatoliki wanavyosimulia, kilidondokewa na damu ya hostia, mkate wa Ekaristi, mwaka 1263 kule Bolsena, mikononi mwa padre aliyekuwa na mashaka. Mwaka uliofuata Papa Urbano IV, aliyekuwa akiishi Orvieto, akaitangaza sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima. Yale maandamano ya Ekaristi mnayoyafanya parokiani kila mwaka, watoto wakimwaga maua njiani, hati yake ilitoka kwenye mwamba huu. Paroko akisikia hivyo hatasikitikia Castel Gandolfo.

Upande wa kulia wa altare kuna kikanisa kilichochorwa na Luca Signorelli kuanzia mwaka 1499. Kuna ukuta mmoja wa ufufuko, wafu wanatoka ardhini. Wengine wameshavaa nyama, wengine bado ni mifupa mitupu inayojivuta kutoka shimoni, wawili watatu wanakumbatiana kama waliopoteana muda mrefu. Muuguzi atakiangalia kila kiungo kwa jicho la kazi. Nakutahadharisha kwa sababu ya mwaka huu wenu. Ingieni mkiwa wawili, na msipange kitu kingine baada ya hapo.

Kitu kimoja nakukataza. Karibu na kituo cha juu cha kile kigari kuna kisima kinaitwa Kisima cha Mtakatifu Patrisi. Papa Klementi VII alikichimbisha baada ya Roma kuvamiwa na kuporwa mwaka 1527, ili mji ukizingirwa usife kiu. Kina zaidi ya mita 50 kwenda chini, na fundi alikizungushia ngazi mbili zinazojisokota bila kukutana, nyumbu wanashuka kwa moja na ndoo tupu, wanapanda kwa nyingine na maji, hakuna kupishana. Akili kubwa sana. Lakini ni ngazi 248 kushuka na 248 kupanda. Mdogo wako ashuke akupigie picha. Wewe mlinde mkoba hapo juu.

Ratiba yenu naiona hivi. Muondoke Dar Jumanne usiku, kwa shirika lolote linalobadilishia ndege mahali pamoja tu, Addis Ababa, Doha, Istanbul au hata hiyo Dubai, na muda wa kuunganisha usipungue saa 2, kwa goti lako afadhali 3. Mnafika Roma Jumatano. Pale Fiumicino kuna treni inayokwenda kituo kikuu cha Termini bila kusimama, dakika 32, na bei yake ni euro 14. Kutoka Termini treni ya kawaida hadi Orvieto ni kama saa moja na dakika 20. Mkikata tiketi ya karatasi, igongeni muhuri kwenye kimashine kilichoko kituoni kabla ya kupanda. Watalii wengi hupigwa faini wakiwa na tiketi halali mfukoni kwa sababu hawakufanya hilo. Na msichanganye saa: wao huandika 17:00, ambayo ni saa yetu 11 jioni.

Jumatano hiyo msifanye lolote. Alhamisi asubuhi kuna soko pale Piazza del Popolo, jibini, matunda, soksi, vitu vya kawaida vya watu wa kawaida, na soko ndilo mahali pekee ugenini ambapo mwanamke wa Tanga hajisikii mgeni. Mchana maduka mengi yanafungwa kwa muda wa saa tatu au nne nzima, nanyi fungeni macho. Chakula cha jioni hawakianzi kabla ya saa 1 na nusu, kwa hiyo kama una dawa za kumeza na chakula panga saa zake kabla hujafika. Kifungua kinywa chao ni kahawa na andazi tamu, na ukiomba chai utaletewa kikombe cha maji ya moto na kipakiti pembeni, maziwa mpaka uyaombe. Chukua majani yako ya chai na tangawizi, hawatakunyima maji. (Ugali utauona baadaye Venice, wa njano, wanauita polenta. Usitegemee sana.)

Pa kulala, tafuteni ndani ya mji wa juu na si kule bondeni kwenye kituo. Nyumba ni za kale, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni kama kuna lifti, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Nyie mnaweza pia kutafuta nyumba ya masista. Italia mashirika mengi ya kitawa hupokea wageni, nyumba zake huitwa casa per ferie, vyumba safi, kimya, bei ya wastani. Mlango wanaufunga mapema usiku, na hilo kwa mtu anayetaka kulala si kasoro. Popote mtakapolala, wekeni euro chache pembeni, miji mingi hutoza kodi ya kulala kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa.

Kurudi Roma ni Jumamosi asubuhi, siyo mchana. Italia ina migomo ya treni, hutangazwa siku kadhaa kabla, na Ijumaa huipenda kuliko siku nyingine. Mkiona tangazo la mgomo kwenye siku yenu, jueni kwamba siku za kazi treni za kawaida zilizoorodheshwa hutakiwa kutembea hata hivyo kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mkigongana na hilo, ondokeni Ijumaa jioni mlale Roma. Hoteli ya ziara itawapokelea masanduku hata kama vyumba bado, mtakula mchana taratibu, na saa 11 jioni mtakuwa wenyeji mnaowapokea wenzenu waliovimba miguu.

Sasa jambo ambalo likiharibika hakuna Orvieto wala Dubai. Kampuni ya ziara itawapa barua ya kuombea viza, na barua hiyo itaonyesha siku zake 9 tu. Mkipeleka hiyo peke yake ubalozi wa Italia, mnaweza kupewa viza inayohesabu siku 9, na nyie mnataka 12, Jumatano hadi Jumapili ya wiki inayofuata. Fomu iandikwe siku zote 12, mwambatanishe uthibitisho wa chumba cha Orvieto, na bima ya safari ianze Jumatano, siyo Jumamosi. Bima yenyewe lazima ifike angalau euro 30,000 za matibabu, na ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msingoje Agosti. Hapa nikiri kwamba Dubai ina nafuu yake, siku za kule hazihesabiwi kwenye viza ya Ulaya. Ni nafuu ya karatasi.

Tiketi mwambieni wakala aikate ya kuingilia Roma na kutokea Venice, msije mkarudi Roma kwa sababu tu ya ndege. Na wakati wa kutoka Venice ndipo mpe mdogo wako Dubai yake. Usiku mmoja, mkirudi nyumbani, ziara imekwisha, hakuna basi la kuwahi, sanduku likijaa linajaa kuelekea Tanga. Viza ya huko wakala aiulizie mapema. Joto litakuwa lilelile, lakini utakuwa hotelini umelala, na yeye yuko madukani anafurahi.

Usimwendee na habari ya "shangazi kasema". Mpe hiyo Dubai ya kurudia kwanza, kabla hujataja Orvieto, aone kwamba hujamnyima kitu. Kisha mwambie kitu ambacho naona kwenye barua umeniambia mimi, yeye hujamwambia: kwamba umechoka, na uchovu wenyewe si wa safari. Miaka minne yeye alikuwa akituma fedha na wewe ukimgeuza mama kitandani, na nahisi mpaka leo kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyetoa zaidi. Ndiyo maana anakulipia, na ndiyo maana wewe unanyamaza. Hamtalimaliza hilo kwa simu, wala ndani ya basi kiongozi wa ziara akiwa anaongea kwenye kipaza sauti. Siku mbili za kukaa mji ambao hauna cha kukimbilia zinaweza kuwatosha kulianza.

Kuhusu ndege ya usiku, wewe muuguzi unajua kuliko mimi: soksi za kubana, maji, kusimama kila baada ya muda, dawa za presha kwenye begi la mkononi pamoja na cheti. Ombeni kiti cha ukingoni upande ambao goti la kulia litanyooka kwenye njia.

Na hivyo viatu vitoe kwenye boksi leo. Vaa kwenda sokoni, vaa kanisani, vaa mpaka mdogo wako akuulize huna vingine.